Birika la Mapokezi

Nchi hii ipo, ila ukiitafuta kwenye ramani utakuta nchi nyingine imekaa mahali pake. Haina upungufu wowote. Ina wimbo wa taifa, ina uwanja wa ndege ambapo ndege moja imewahi kutua kwa bahati mbaya, na ina vyama viwili vya siasa, jambo ambalo viongozi wake hawakosi kulitaja kila wanapotembelewa na wageni wenye fedha za kukopesha.

Chama cha kwanza ni Chama cha Birika, ambacho kazi yake ni kutawala. Cha pili ni Chama cha Ungo, ambacho kazi yake ni kushindwa uchaguzi. Kila kimoja kiliifanya kazi yake kwa uadilifu, na nchi ikatulia.

Birika hilo si la chai. Ni lile la kumnawisha mgeni mikono kabla ya chakula, na ndani ya chama lilikuwa na matumizi yake maalumu. Mpinzani akichoka kupinga, alipandishwa jukwaani mbele ya umati. Alivuliwa fulana ya kijivu ya Ungo, akanyoosha mikono juu ya beseni, akanawishwa kwa maji ya birika mpaka upinzani wote umtoke. Maji yale machafu yalimwagwa mbali, upande usio na watoto. Kisha alivalishwa fulana ya rangi ya chungwa, na mwenyekiti akamuuliza kwa sauti ya upole, "Ndugu yetu uliyerudi nyumbani, unataka nini?"

Akitaja, anapewa. Hiyo ndiyo ilikuwa mila. Mmoja alitaka ukuu wa bodi ya korosho, akapewa, ingawa alikotoka na alikokwenda hakuna mkorosho. Mwingine alitaka lami mpaka kwa mama mkwe wake, ikawekwa, ikaishia mlangoni pa mama mkwe kama ilivyoombwa.

Aliyeshika birika katika Kata ya Bondeni alikuwa Bi Zamda Mbwilo. Cheo chake kiliitwa Mnawishaji Mkuu, na alikishika tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliwanawisha walimu, wachungaji, mashehe, wafanyabiashara na hata mtu mmoja aliyekuwa amepanda jukwaani kutafuta kofia yake. Mkono wake haukuwahi kutetemeka. Watu walisema ukinawishwa na Bi Zamda huna haja ya sabuni.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa swali lile, kwa sababu hakuwahi kwenda popote. Na jibu alikuwa nalo, tena amelibeba miaka mingi mpaka limemchosha. Alitaka daraja.

Bondeni imekatwa na Mto Kiwewe. Upande mmoja ni nyumba, upande wa pili ni shule, zahanati, soko na kila kitu ambacho mtu hukihitaji kwa haraka. Katikati lilikuwepo gogo la mvule lililoanguka lenyewe, pengine kwa kuwahurumia. Mumewe, Bwana Kaniki, aliteleza pale msimu mmoja wa masika, na tangu siku hiyo mguu wake mmoja hufika baada ya mwenzake. Sasa aliyevuka kila asubuhi alikuwa mjukuu wao, Mwasiti, na mkoba wa shule mgongoni. Mvua zikianza Bi Zamda hukaa kwenye jiwe lililo ukingoni, hanyanyuki mpaka mtoto akanyage ng'ambo.

"Tazama mbele," humwambia. "Usitazame maji."

Alikwishaliomba daraja hilo kwa mdomo, kwa barua, kwa wimbo wa akina mama na kwa kulia. Chama kilimjibu kila mara kwa heshima. Bondeni ni ngome yetu, alielezwa, na ngome haijengewi daraja. Madaraja hujengwa kule ambako kura zinaweza kukimbia.

*

Uchaguzi ulipokaribia, wapinzani walianza kurudi nyumbani kwa makundi. Ikabidi kata iitishe kikao kujadili kama ni sawa kwa chama kupokea kuungwa mkono na watu waliokitukana mwaka mzima.

Kikao kiliongozwa na Ndugu Bakunda. Huyu Bakunda ndiye aliyekuwa mkuu wa vijana wa Ungo, na ndiye aliyewahi kusimama sokoni akasema Chama cha Birika ni choo kisicho na mlango. Bi Zamda alikuwa amemnawisha mwezi uliopita. Alipoulizwa anataka nini, alijibu kwamba hataki cheo chochote, anataka tu uenyekiti.

"Ndugu wajumbe," alisema Bakunda, akipangusa kipaza sauti kwa kitambaa, "mimi naijua Birika kuliko ninyi. Ninyi mmeiona kutoka ndani tu. Mimi nimeiona kutoka nje, nikaichukia kwa undani, nikaichunguza nipate la kuisema. Upendo wangu umefanyiwa utafiti. Wa kwenu umerithiwa."

Wajumbe walipiga makofi. Wengi wao nao walikuwa wamerudi nyumbani hivi karibuni, na mikono yao ilikuwa safi sana.

Bi Zamda alisimama. "Mimi sikatai wageni, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mtu akibadili mawazo, apokewe. Ila nauliza, kwa nini anayekuja leo anakaa mbele, na aliyekuwepo anaambiwa asogee? Mimi nimesogea mpaka sasa nakaa dirishani."

"Na dirishani kuna hewa, mama," alisema Bakunda, na kikao kikacheka.

Walipiga kura. Kwa mujibu wa kanuni mpya, aliyetoka Ungo alihesabiwa kura mbili kwa kuwa ana uzoefu wa pande zote, na aliyezaliwa Birika alihesabiwa nusu kwa kuwa kura yake inajulikana. Iliamuliwa kwamba wapinzani wapokewe wote, bila masharti, na kwamba Bi Zamda anunuliwe birika kubwa zaidi.

*

Likaja tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wapinzani waliisha.

Mtukufu Rais alikuwa anakuja Bondeni kwa mkutano mkubwa, na kwenye ratiba, baada ya ngoma na kabla ya hotuba, kulikuwa na kipengele cha mapokezi. Mtukufu hakupenda kuhutubia kabla hajaona mtu akinawishwa. Lakini kata nzima alikuwa amebaki mpinzani mmoja tu, Mzee Ngulumbi, fundi cherehani na mwenyekiti wa Ungo, naye alikuwa amefuatwa mara nyingi mpaka akaacha kuinua macho. Mikoani hali ilikuwa hiyo hiyo. Viongozi wote wa taifa wa Ungo walikuwa wamekwishapata bodi zao. Ngulumbi ndiye Ungo yote iliyobaki nchini.

Bakunda alimwita Bi Zamda ofisini. Akamkaribisha kiti, jambo lililomtia wasiwasi.

"Mama, chama kina kazi kwako. Uhamie Ungo."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ni kwa wiki moja. Unachukua kadi kwa Ngulumbi, unapinga pinga kidogo, siku ya Mtukufu unarudi nyumbani. Sura yako inafahamika, umati utalia machozi."

"Mimi nimezaliwa Birika, Mheshimiwa. Mama yangu kazikwa na bendera ya Birika. Siwezi kuvaa kijivu hata kwa dakika moja."

"Basi Mtukufu atakosa mtu wa kupokewa, na atauliza ni nani aliyekataa."

Bi Zamda alikuwa anasikia hofu, ndiyo, lakini chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinaamka, naye aliona aibu hata kukitazama.

"Nikirudi," alisema polepole, "nitaulizwa lile swali?"

"Kila anayerudi huulizwa, mama. Ni mila."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa rahisi. Miaka yote alikuwa ameomba akiwa ndani, kumbe ilimpasa atoke aingie tena. Akasaini.

*

Mzee Ngulumbi alikuwa anashona kaptura za shule alipomwona mlangoni. Hawa wawili walikuwa hawajasalimiana tangu uchaguzi wa mwanzo, siku ambayo Bi Zamda, kwa hamasa ya ujana, alimmwagia birika zima kichwani.

"Leo umekuja bila maji," alisema Ngulumbi.

"Nataka kadi ya Ungo."

Cherehani ilisimama. "Umetumwa."

"Nimetumwa," alisema Bi Zamda, maana uongo hakuuweza. "Wiki moja tu, kisha nirudi jukwaani."

"Hebu ngoja. Jambo hili haliwezi kuamuliwa na mtu mmoja. Lazima Kamati Kuu ikae." Akatoka nyuma ya cherehani, akakaa kwenye benchi, akawa Kamati Kuu. Alijikuna kidevu muda mrefu. "Wenzangu," aliliambia benchi, "tumpokee adui wetu wa jana? Tukimkataa, tutabaki peke yetu. Tukimpokea, tutakuwa na mpelelezi." Akafikiri tena. "Lakini mpelelezi angalau atahudhuria vikao. Waliokuwa wanatupenda hawakuhudhuria hata kimoja."

Bi Zamda alitaka kucheka, akajizuia kwa ajili ya chama.

Kadi zilikuwepo tele, ila fulana hazikuwepo, kwa kuwa zote zilivuliwa jukwaani na kuchomwa. Ngulumbi akamshonea moja kwa bitana ya suti. Ilimbana kwapani. Kwa kuwa mwanachama halali hana budi kuhudhuria vikao, wiki ile Bi Zamda alikwenda pale dukani kila siku, na kwa kuwa ajenda hazikuwepo, walikunywa kahawa. Alishangaa kumwona mtu huyu si mkali. Alishangaa zaidi kujikuta analizoea lile benchi.

Siku moja Ngulumbi alimuuliza, "Hivi bibi wee, wamekuahidi nini hasa, hata ukakubali kuvaa bitana?"

Akamweleza. Alimweleza kuhusu gogo, na mguu wa Kaniki, na jiwe la ukingoni, na mkoba wa Mwasiti unavyoyumba anapofika katikati. Alipomaliza, macho yake yalikuwa yameloa na hakujali.

Ngulumbi aliendelea kushona, na Bi Zamda akaona kwamba kaptura ile alikuwa ameishona mguu mmoja ukafungika, ikabidi aifumue.

*

Siku ya Mtukufu uwanja ulifurika. Bi Zamda alisimama chini ya ngazi za jukwaa ndani ya fulana yake ya bitana, na watoto wa chipukizi waliokuwa wakimwita bibi walimzomea kwa mujibu wa ratiba. Birika lilikuwa mikononi mwa mke wa Bakunda, ambaye alilishika vibaya. Bi Zamda aliumia kuliona, lakini alijituliza. Alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lake mpaka limebaki maneno matatu. Daraja la Bondeni.

Mtangazaji akaita jina. Halikuwa lake.

Mzee Ngulumbi alipita mbele yake akiwa na fulana yake ya kijivu iliyopauka. Bi Zamda alimshika mkono. "Unakwenda wapi wewe?"

"Wewe hawatakuuliza, Bi Zamda," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe walikuwa nawe siku zote, huna bei kwao. Wanayemtaka ni mimi."

Uwanja uliposikia kwamba Ngulumbi mwenyewe amerudi nyumbani, ngoma zilipigwa zikapasuka. Mtukufu alisimama. Mzee yule alivuliwa fulana, akabaki kifua wazi mbele ya umati, mbavu zake zikihesabika, na maji yakamwagwa mengine mikononi, mengine kwenye viatu. Akavalishwa fulana ya chungwa iliyomfika magotini.

"Ndugu yetu uliyerudi nyumbani, unataka nini?"

"Daraja la Bondeni," alisema Ngulumbi.

Mtukufu akasema limetoka. Bi Zamda alijishika kifua. Furaha ilimjia kwanza, nzima nzima, na laiti hadithi ingeishia hapo ningeishia nayo. Aliweka mguu wake kwenye ngazi ya kwanza ili naye anawe, arudi nyumbani, maana hakuwa na haja nyingine duniani.

Ndipo Msajili wa Vyama alipoinuka mbio, akamnong'oneza Bakunda. Bakunda akamnong'oneza Mtukufu. Mtukufu akatazama chini kwenye ngazi, akatikisa kichwa.

Bakunda akachukua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, chama hiki kina misingi. Hakipokei kila mtu. Lazima tujiulize, hawa wanaokimbilia kutuunga mkono leo, jana walikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakunawisha wewe," alisema Bi Zamda, lakini yeye hakuwa na kipaza sauti.

Msajili alimvuta pembeni akamweleza kwa adabu. Nchi ni ya vyama viwili. Wakopeshaji wa fedha za daraja wanataka vyama viwili, wameandika hivyo. Ngulumbi akishanawa, mwanachama wa Ungo aliyebaki ni mmoja. "Ni wewe, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Taifa," alisema Msajili, na akainama kidogo. "Ukitoka, upinzani umekufa, na daraja limekufa nao. Sheria hairuhusu chama kife kwa kuhamwa. Hongera sana."

*

Daraja lilijengwa upesi kwa kuwa wakopeshaji walileta watu wao. Bi Zamda alilitazama likikua akiwa amekaa kwenye jiwe lake. Askari wawili walipangwa kumlinda asije akahama chama. Ofisi ya Ungo ikawa nyumbani kwake, na majirani waliokuwa wakiazima chumvi wakaanza kwenda kuazima nyumba ya pili. Alipeleka barua za kuiunga mkono Birika, zikarudishwa. Kamati ya Mapokezi iliandika kwamba kuungwa mkono na mpinzani wa kiwango chake kungekitia chama doa.

Asubuhi ya ufunguzi Msajili alimfuata nyumbani. "Mheshimiwa, leo utatoa hotuba ya kupinga."

"Kupinga nini?"

"Daraja. Mradi usiopingwa haufunguliwi. Wakopeshaji wataona kama tunalazimisha watu mambo. Usipopinga, kamba haikatwi, na chuma kitafunguliwa kipelekwe wilaya yenye demokrasia."

"Baba, hilo daraja ni mimi niliyeliomba tangu nywele zangu hazijawa hivi."

"Kwenye kumbukumbu ni la Mzee Ngulumbi," alisema Msajili. "Wewe unalipinga."

Bwana Kaniki alikuwa amekaa kizingitini, mguu wake mbovu ameunyoosha. "Lipinge, mama," alisema. "Mtoto avuke."

Akaenda. Kijiji chote kilikuwa kimejaa ukingoni, na juu ya daraja, katikati, Mzee Ngulumbi alikuwa amesimamishwa ndani ya fulana yake ndefu, amepewa kazi ya kupunga mkono. Bi Zamda alipewa kipaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikishika kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akishika birika.

"Nalipinga daraja hili," alisema. "Nimelitazama tangu nguzo ya kwanza. Ni pana. Wanaweza kupita watu wanne na machela, wala mgonjwa asitikisike. Lina vyuma pande zote mbili, vimewekwa chini, mtoto mfupi anavifikia. Mtu mwenye mguu mbaya atapita peke yake bila kushikwa. Hata mto ukijaa, maji hayalifikii." Akautazama mto, kisha akamalizia. "Nalipinga."

Umati ulimzomea. Walizomea majirani, walizomea akina mama aliotunga nao wimbo wa daraja. Mtu mmoja alisema kwa uchungu wa kweli kwamba huyu mama hajawahi kuwatakia mema. Bi Zamda aliwatazama akataka kuwachukia, akashindwa, kwa sababu nyuma yao aliuona mkoba wa Mwasiti.

Kamba ikakatwa, na watu wakamiminika juu ya daraja. Kaniki alipita taratibu, hakushikwa na mtu. Mwasiti alipita akipapasa vile vyuma kwa kiganja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Bi Zamda alipotaka kuwafuata, askari mmoja alimzuia kwa heshima zote. Mtu hawezi kupinga jambo asubuhi na kulitumia adhuhuri, alieleza, wageni wanapiga picha. Akamwonyesha njia ya chini, ya gogo.

Alivua kandambili, akazishika mkononi, akapanda gogo. Lilikuwa na utelezi kwa kuwa siku hizi hakuna aliyelikanyaga. Juu darajani Ngulumbi aliacha kupunga. Haikuruhusiwa mwanachama wa Birika kumsemesha mpinzani siku ya sherehe, naye hakumsemesha, ila aliinamia vyuma akamtazama kila hatua, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

Alipofika katikati Bi Zamda alisimama. Upande wa shule watu walikuwa wanacheza ngoma. Mwasiti peke yake ndiye aliyejitenga na wenzake, akashuka mpaka ukingoni, akatafuta jiwe, akakaa.

"Bibi," alisema, "tazama mbele. Usitazame maji."